Kutawala moyo si kuufunga

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Upweke ni ugonjwa wa Ulaya.» Kule, wanasema, mtu anakaa miaka katika nyumba ya orofa bila kujua jina la jirani yake. Uingereza iliweka waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafanya vivyo hivyo mwaka 2021. Sisi tukisikia habari hizo tunacheka. Kwetu watoto wamejaa uani. Kilio kikitokea, mtaa mzima unahamia kwa wafiwa. Asiye na ndugu mjini ana watu wa kijiji chake. Upweke utaingilia mlango gani?

Lakini tusicheke upesi. Tarehe 30 Juni 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa hesabu zake. Mtu 1 katika 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vifo vinavyohusiana na upweke vinakadiriwa kuwa 871.000 kila mwaka. Tena nchi tajiri zililinganishwa na nchi maskini. Katika nchi tajiri, watu kama 11 katika 100 walisema wana upweke. Katika nchi maskini, watu kama 24 katika 100. Na waliolalamika kuliko wengine wote ni vijana. Basi tusiseme tena kwamba upweke unakaa Ulaya tu, wala kwamba ni shauri la wazee tu. Umekwisha kuingia kwetu, na bila kupiga hodi.

Mwenye upweke hupata washauri wawili. Wa kwanza anamwambia: «Jikaze! Tawala moyo wako.» Wa pili anamwambia: «Usijizuie. Kila kinachokuchoma kiseme, na kila mtu akisikie.» Shauri lipi ni jema? Na je, mtu akiwa na upweke, kosa ni lake kwa kuwa hajui kutawala moyo wake? Swali hili si la shule tu. Tukilijibu vibaya, mtu ataachwa peke yake, na juu ya hayo ataambiwa kwamba ni yeye aliyejiacha.

Upweke ni nini?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuwa peke yako si upweke. Mama anayepalilia mihogo peke yake tangu asubuhi, mlinzi wa usiku kando ya moto wake, mtawa katika chumba chake: hawa wote wako peke yao, lakini huenda mioyo yao imetulia. Kinyume chake, mtu anaweza kulala katika nyumba yenye watu kumi na wawili, akala nao sahani moja, akacheka nao, na bado akawa na upweke. Maana upweke ni maumivu ya mtu anayeona kwamba hakuna anayemjua kwa ndani.

John Cacioppo, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyekufa mwaka 2018, alichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Yeye alifundisha kwamba upweke ni kama njaa. Njaa si dhambi wala si aibu, ni mwili unaosema: «Tafuta chakula.» Upweke vilevile ni moyo unaosema: «Tafuta watu.» Hapo swali letu limekwisha kujibiwa nusu. Hakuna amhukumuye mtu kwa sababu ameona njaa.

Lakini mwalimu huyo aliona pia jambo la kuhuzunisha. Upweke ukikaa sana, unaharibu macho. Mtu anaanza kuona adui pasipo adui. Mwenzake akipita bila kumsalimu, anawaza: «Ananidharau.» Watu wawili wakinong'ona, anawaza: «Wananisema.» Basi anajitenga ili asiumizwe, na kwa kujitenga upweke unazidi. Anayekimbia watu kwa kuogopa kuumizwa ni kama mgonjwa anayeogopa sindano: ameepuka maumivu ya leo, lakini ugonjwa umebaki naye nyumbani. Hapo ndipo kutawala moyo kunapohitajiwa.

Kutawala moyo ni nini?

Kila mtu ana maono ya moyo, maana yake hasira, huzuni, woga, haya, wivu, furaha. Wanafilosofia wa kale walioitwa Wastoa walisema kwamba mwenye hekima kweli ni yule asiyeguswa na maono hayo. Wengi kwetu ni Wastoa bila kujua. Mtoto wa kiume akilia, tunamwambia: «Mwanamume halii.»

Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakukubali fundisho hilo. Alimfuata Aristoteli, aliyesema kwamba akili inatawala maono si kama bwana anavyotawala watumwa, bali kama mkuu anavyotawala watu huru, ambao nao wana neno lao la kusema. Fikirini chifu anayewafunga watu wake wote gerezani ili mji uwe kimya. Je, tutasema anatawala? Anatawala yule anayeketi barzani, anayemsikiliza kila mmoja, anayejua kwamba huyu aseme leo na yule angoje kesho. Ndivyo ilivyo kwa moyo. Kuufunga si kuutawala. Na kumwachia kila mtu apige kelele sokoni, huko nako si kutawala.

Tunaye shahidi Mwafrika, Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Tagaste katika nchi iitwayo leo Algeria. Mama yake Monika alikufa Ostia, karibu na Roma, mwaka 387. Kijana Adeodatus, mwana wa Augustino, aliangua kilio, na watu wazima wote waliokuwepo wakamnyamazisha. Augustino mwenyewe alijizuia kwa nguvu. Alizungumza na wageni kana kwamba hana huzuni, akaenda maziko na kurudi bila chozi, akaona haya kwamba bado anaumia. Akaenda kuoga, maana alisikia kwamba kuoga kunaondoa uchungu. Akatoka vile alivyoingia. Baadaye alilala, akaamka, na hapo peke yake kitandani, mbele ya Mungu, akayaachia machozi yatiririke, na moyo wake ukapata pa kupumzikia. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo kitabuni, wala hakuogopa kuchekwa.

Tomaso aliandika juu ya huzuni na dawa zake, karibu na mwaka 1270. Alitaja dawa tano: kitu cha kufurahisha, machozi, huruma ya rafiki, kutafakari ukweli, na ya mwisho usingizi na kuoga. Tazameni alivyokuwa mwalimu mwenye akili: hakudharau hata maji ya kuoga! Juu ya machozi alisema kwamba jambo chungu likifungiwa ndani huumiza zaidi, kwa sababu roho yote hulikazia macho. Juu ya rafiki alitoa sababu mbili: mzigo unaobebwa na wawili ni mwepesi, tena, na hii ndiyo kubwa, anayehurumiwa anatambua kwamba anapendwa.

Sasa tutazame umri mbalimbali. Moyo ni mmoja, lakini hautawaliwi kwa namna moja miaka yote, na upweke hauingii kwa mlango mmoja.

Ujana

Mawimbi ya kijana ni kama mto wakati wa mvua: yanakuja ghafula na kufurika. Waganga wanatuambia kwamba sehemu ya ubongo inayosaidia kujizuia na kupima mambo haikomai kabisa mpaka mtu apitishe miaka ishirini. Tena huo ndio wakati ambapo kijana anataka sana kukubaliwa na wenzake. Basi ana haja kubwa na uwezo mdogo.

Chukueni mwanafunzi aliyetoka Kongolo au Manono kuja kusoma Lubumbashi. Amepanga chumba pamoja na wengine. Usiku anatazama simu: rafiki zake wako kwenye arusi, wanacheka, na yeye hakualikwa. Huenda walimsahau, huenda walidhani hana franka za kuchangia. Yeye hatafuti sababu, moyo umekwisha kutoa hukumu: «Hawanitaki.» Kesho yake hawasalimu, nao wanasema: «Huyu ana kiburi.» Hivyo urafiki unakufa, na hakuna aliyeuua kwa kusudi.

Dawa yake ni nini? Ni kujifunza kuisikiliza kesi kabla ya kukata hukumu. Ajiulize: «Hakunisalimu, je, ni dharau tu? Au ana mgonjwa nyumbani?» Hii si kujidanganya. Ni haki tu, maana hata mwizi anasikilizwa kabla ya kufungwa. Mwaka 2011 wachunguzi wa Chicago, pamoja na Cacioppo, walilinganisha njia nyingi za kuwasaidia wenye upweke. Waliona kwamba kukutanisha watu peke yake hakusaidii sana. Kilichosaidia kuliko vyote ni kumfundisha mtu kuyapima upya mawazo yake juu ya wenzake.

Lakini nani atamfundisha? Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Lakini samaki hajikunji mwenyewe. Kijana anajifunza kutawala hasira kwa kumwona baba yake anavyozungumza siku ambayo ametukanwa. Anajifunza kusema huzuni kwa kuwa mama alimwuliza, akangoja jibu. Baba ajuaye kupiga kelele tu, au kunyamaza tu, amfundishe nini mwanawe?

Umri wa kazi

Mtu mzima amejifunza kujizuia. Shida yake ni kwamba amejifunza mno. Anaitwa baba wa jamaa, au mama wa nyumba, watu wanamwegemea, basi anaona kwamba nguzo haina ruhusa ya kutikisika.

Katika Katanga tulipata somo kubwa. Union Minière, iliyozaliwa mwaka 1906 na kuchukuliwa na serikali mwaka 1967, ikawa Gécamines. Kwa miaka mingi kampani hiyo ilimpa mfanyakazi mshahara, nyumba, unga, hospitali na shule ya watoto. Katika miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400.000 kwa mwaka. Ilipofika 2003 haikufikisha hata tani 30.000. Ndipo, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliotumika miaka 25 na kuzidi walitolewa kazini, wakapewa fedha mara moja, na basi. Kwa jina waliitwa watu walioondoka kwa hiari.

Fedha ziliisha. Kikabaki nini? Tulimwona baba aliyeendelea kuondoka asubuhi, amevaa vizuri, ana karatasi kwapani, ili watoto wasimwone ameketi. Hakuwa na mahali pa kwenda. Mke alijua, naye akanyamaza ili asimwaibishe. Wakala pamoja, wakalala pamoja, kila mmoja amefunga moyo wake kwa kufuli, na kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake. Huo, ndugu wasomaji, ni upweke wa watu wawili katika kitanda kimoja.

Tena wanaoufunga moyo hawaumii wenyewe tu. Mwaka 2003 huko Marekani, wachunguzi waliwaonyesha wanawake wawili wawili wasiojuana filamu ya kuhuzunisha, kisha wakawaacha wazungumze. Baadhi yao waliambiwa kwa siri wafiche yote wanayoyaona moyoni. Damu ya mwenzake, asiyejua lolote juu ya agizo hilo, ilipanda. Mazungumzo yakakauka, na hamu ya urafiki ikapungua. Mwili wa jirani unatambua mlango uliofungwa, hata kama ulimi hausemi. Ndiyo maana watoto wa baba anayeficha mambo hawalali vizuri, ingawa hakuna aliyewaambia kitu.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humwumbua. Huyu baba angepaswa kufanya nini? Hatusemi alie barabarani. Kujizuia mbele ya wageni au mbele ya watoto wadogo ni heshima na ni upendo. Nako ni kutawala. Lakini awe na mtu mmoja, mke, ndugu, rafiki, padri, ambaye mbele yake anaweza kusema: «Ninaona haya, ninaogopa.» Maneno mawili haya yanataka ushujaa kuliko kunyamaza miaka kumi.

Uzee

Hapa tunajifunza jambo la ajabu. Wengi wanadhani kwamba mzee anazidi kuwa na uchungu kadiri nguvu zinavyopungua. Laura Carstensen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuata watu wa miaka 18 mpaka 94 kwa zaidi ya miaka 10, wakiwauliza mara kwa mara hali ya mioyo yao. Mwaka 2011 walitangaza walichokiona: kwa jumla moyo unazidi kutulia kadiri umri unavyoendelea. Anayejua kwamba siku zake si nyingi hazipotezi kwa ugomvi mdogo. Anapunguza marafiki, lakini anabaki na walio wa kweli. Wazee wetu hawakungoja Stanford kuyajua hayo. Ndiyo sababu kesi ngumu zilipelekwa kwao.

Basi mzee amejua kutawala moyo. Mbona bado ana upweke? Kwa sababu upweke wake hautoki ndani, unatoka nje. Mume amezikwa. Wenzake wa rika wamekwisha. Masikio yamezibika, miguu haifiki tena kanisani. Watoto wako Kinshasa, au Ulaya, au walikimbia vita na hawajulikani waliko. Na kuna jambo baya zaidi: mama mzee anayekaa peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, akifiwa na mjukuu anaitwa mlozi. Waliopaswa kumfariji wanamwogopa. Wengine wamefukuzwa, na wengine wamepigwa mpaka kufa, katika nchi yetu, katika siku zetu hizi. Mtu wa namna hii, mtamwambia: «Tawala moyo wako»? Amekwisha kuutawala. Asichokuwa nacho ni mtu wa kuketi naye.

Tena utulivu wa mzee unatudanganya. Kijana mwenye upweke anagonga milango na kuharibu vitu, nasi tunamwona. Mzee hanung'uniki. Ukimwuliza habari, anajibu: «Nzuri, mwanangu.» Nasi tunaenda zetu, tukisema kwamba hana haja. Hivyo ile fadhila aliyoipata kwa miaka sabini inakuwa sababu ya kusahauliwa. Jambo hilo ni udhalimu, na linatendwa na watu wema.

Nani afungue mlango?

Sasa tunaweza kujibu. Yule mshauri wa kwanza alikosa, kwa kuwa aliita kufunga kutawala. Wa pili alikosa, kwa kuwa moyo unaomwagwa mbele ya kila mtu hauokotwi na yeyote. Kazi ya kutawala moyo ni ya kila mtu mwenyewe, hilo ni kweli. Lakini hakuna anayeianza wala kuimaliza peke yake. Mlango una pande mbili.

Tena tuseme wazi kwa nini watu wanafunga mioyo. Hawafungi bila sababu. Mama alimwambia jirani shida yake jumatatu. Jumanne ameisikia bombani, watu wakiteka maji. Kijana alimwambia mwenzake woga wake. Jioni darasa lote linamcheka. Mzee alisema anaona upweke, mkwe wake akajibu: «Huyu anataka fedha.» Baada ya siku kama hizo, nani atafungua tena? Sisi tunasali pamoja, tunakutana katika shirika la mtaa wetu, tunachanga wakati wa kilio. Na ulimi wetu unabomoa usiku tulichojenga mchana. Anayetoa siri ya mwenzake anadhani amepeleka habari tu. Kumbe amemfunga mtu katika upweke, na ufunguo ameutupa mtoni.

Usiku ule wa Getsemani, Bwana wetu hakuuficha moyo wake. Aliwachukua watatu, akawaambia wazi kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Hakuona haya kuomba. Kilichokosekana usiku ule si ushujaa wake wa kusema. Rafiki zake walilala.

Basi, ndugu wasomaji, tukishauriwa na mwenye upweke, tutazame umri wake kwanza. Kijana tumfundishe, kwa subira, kupima mambo kabla ya kuhukumu, naye atuone tukifanya hivyo sisi wenyewe. Mtu mzima tumpe mahali pa kusema, na alichosema kiishie pale. Mzee tusimfundishe kitu. Twende kuketi naye, na akisema «Nzuri, mwanangu», tusiinuke bado. Wiki hii kila mmoja wetu anajua mlango mmoja ambao hajaupiga hodi siku nyingi. Aende huko kabla ya jumapili, mikono mitupu kama hana kitu, lakini awe na saa moja, na ulimi unaojua kutunza siri.